Igembe Katika Mazizi Manne

Arusha,
12 Januari 2025

Mjomba Mayige,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na nyumbani wote wazima. Mimi sijambo, jua la huku tu ndilo linalonionea. Poleni kwa msiba wa bibi Salu. Habari zilinifikia baada ya mazishi na nilishindwa kuja, kazi zilinibana. Najua utasema kazi haimbani mtu asiyetaka kubanwa, kwa hiyo nimekusaidia kulisema.

Konda wa basi atakukabidhi boksi dogo. Ndani kuna diski, na ndani ya diski kuna Igembe nzima. Uliwahi kuniuliza ninafanya kazi gani hasa, nikakujibu haraka haraka. Ni hivi: kompyuta haiwezi kufanya lolote bila mfumo endeshi, yaani maagizo yanayoiamsha na kuiongoza. Mifumo inayouzwa ni mizito, kompyuta kuukuu za shule za kata haziiwezi. Sisi watu watano tunaandika mfumo mwepesi wa Kiswahili, na tunauacha wazi. Anayetaka anasoma tulivyouandika, ananakili, anarekebisha, hadaiwi kitu. Tumeuita Igembe, jembe la kwetu. Tuna mwaka wa nne nayo sasa.

Kazi yote inakaa kwenye seva anayoitunza mwenzetu Leonidas. Hakuna tatizo lolote kati yetu naye. Nimeona tu ni vizuri nakala moja ikae mbali, kwa mtu ninayemwamini. Usiiweke juani wala karibu na maji.

Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Joyness

*

Sapiwi,
20 Februari 2025

Mpwa wangu Joyness,

Mwangaluka. Kifua changu kinaendelea na kazi yake ya kukohoa na hakijaomba likizo. Mvua imenyesha ya kutosha, pamba tumepalilia mara ya pili, na mama yako, dada yangu, anakusalimu. Umeniambia niwasalimie wote. Wote ni wengi hapa Sapiwi, nimezunguka nao mpaka nikafika kwa shemeji yangu Kashindye, ambaye kama umesahau ndiye baba yako. Nikamwambia Joyness anasalimia wote. Akauliza kama na yeye yumo. Nikasema nadhani yumo.

Boksi nimelipata. Sasa naomba kuuliza kikarani, maana unajua nilizeekea kwenye kituo cha kununulia pamba, nikiandika stakabadhi kwa karatasi ya kaboni: moja ya mkulima, moja ya chama, moja ya kiwanda. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenyekiti wenu nani? Nani anaruhusu neno kuingia kwenye hiyo Igembe, na nani analikataa? Na kwa nini mali ya watu watano inalala kwenye zizi la mtu mmoja? Hakuna Msukuma mwenye akili zake anayelaza ng'ombe wote zizi moja. Wengine unawaweka kwa rafiki, wengine kwa shemeji, ugonjwa ukiingia hapa wa kule wanapona. Baba yako ana ng'ombe kwenye nyumba ambazo hata mimi sizijui.

Kwamba hakuna tatizo lolote kati yenu na Leonidas, umeniambia bila kuulizwa. Nimekuelewa.

Diski yako nitaitunza kikwetu. Usiwe na shaka.

Mjomba wako,
Mayige

*

Arusha,
30 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye foleni ya benki, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Mwambie Mama nimepata kitenge alichonitumia. Kifua hicho kipeleke hospitali, usikiachie kazi tu.

Mwenyekiti hatuna. Igembe ni folda moja kubwa, na ndani yake zimo folda nne. Kuna kiini, ambacho ndicho kinachoamka kwanza na kuzigawia sehemu nyingine kazi. Kuna viendeshi, vinavyoiwezesha mashine kuelewana na kioo, kibodi na printa. Kuna vyombo, kama cha kuandikia na cha kupigia hesabu. Ya mwisho ni lugha, maneno yote ambayo mtu atayaona kwenye kioo. Kila folda ina mtunzaji wake. Yeyote anaweza kuleta rekebisho. Mtunzaji analisoma, akiridhika analiingiza, asiporidhika analirudisha na kueleza sababu. Mimi natunza kiini. Tukishapanga yote, tunajenga: programu inapitia folda zote tangu mwanzo hadi mwisho, inageuza maandishi yetu kuwa kitu mashine inachokielewa. Ikikosa hata faili moja inasimama na kukuandikia inachokosa. Kuna faili lenye majina ya watunzaji. Hilo ndilo malipo yetu.

Kuhusu Baba. Sijasahau ni nani. Yeye ndiye aliyesema mbele ya wageni kwamba aliuza maksai wake nisome, nami nikaacha kazi ya mshahara nikagawe vitu bure. Nilichomjibu unakijua, ulikuwepo. Sina la kuongeza.

Joyness

*

Arusha,
5 Juni 2025

Mjomba Mayige,

Shikamoo. Barua yangu ya Machi hukuijibu, natumaini ni uvivu na si ugonjwa. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Leonidas amepata kazi kwenye kampuni moja ya nje. Tulikuwa tunagombana tangu mwaka jana, sikukwambia. Alitaka jina lake litangulie kwenye Igembe, tukakataa. Juma lililopita ameifunga seva, na vilivyokuwemo amevifuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Wenzangu wana vipande vya zamani tu, maana bando ni ghali na kila mmoja alikuwa anapakua folda yake peke yake. Kompyuta yangu iliibiwa Aprili, hilo pia sikukwambia.

Kwa hiyo diski uliyonayo ndiyo Igembe pekee iliyobaki. Tarehe nane Agosti ni Nanenane pale Nyakabindi, tumepewa nafasi ya kuionyesha, na walimu wakuu wa shule za kata wamealikwa. Tukifika mikono mitupu wenzangu wanaacha, wameshasema. Na mimi sina nguvu ya kuanza upya. Ninaogopa, Mjomba. Mpe konda diski leo hii, tafadhali.

Joyness

*

Sapiwi,
21 Juni 2025

Mpwa wangu Joyness,

Mwadila. Barua yako imechelewa kwa sababu konda alipita nayo Mwanza kwanza ikatembee. Pole kwa wizi, na pole kwa Leonidas ambaye hamkuwa na tatizo naye. Huku msimu wa pamba umefunguliwa na bei inazungumzwa kwa sauti ya chini. Mama yako mzima. Baba yako mguu unamsumbua, lakini machungani anakwenda.

Sasa diski. Hapa soma polepole.

Nilikwambia nitaitunza kikwetu, nawe hukuuliza kikwetu ni vipi. Ilipofika barua yako ya Machi niliipeleka diski Bariadi kwa Joakim mwenye steshenari karibu na stendi. Akaifungua, tukazikuta folda nne kama ulivyoeleza. Kila folda ikawekwa kwenye flashi yake. Viendeshi viko Lamadi kwa binamu yako Eufrasia, yule wa dagaa. Vyombo viko Mwandoya kwa jamaa yetu Mwandu. Lugha iko Maswa kwa shangazi yako Debora. Kiini nacho kimepata nyumba. Joakim akaniuliza diski yenyewe aifanyeje, nikamjibu kwamba ng'ombe hawezi kulala kwenye mazizi mawili.

Utaratibu unaujua, au uliwahi kuujua. Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu hachukuliwi kwa barua wala kwa konda. Mwenyewe anafika, anakaa, anakula alichoandaliwa, anaonyeshwa mnyama wake, anamshukuru mtunzaji mbele ya shahidi, ndipo anaondoka naye. Niliwakabidhi kwa maneno hayohayo, na kuyarudisha siwezi.

Mjomba wako,
Mayige

*

Arusha,
30 Juni 2025

Shikamoo Mjomba,

Nimekaa kwanza kabla ya kuandika, ili nisikuandikie yale yaliyotangulia kuja mdomoni.

Ng'ombe wakiwekwa nyumba nne, nyumba moja ikipata balaa unabaki na ng'ombe. Igembe ikikosa folda moja sina Igembe, nina maandishi. Na hukuhitaji kukata. Nakala ni kwamba kitu kinabaki kwako kizima na kwa mwenzio kinakuwa kizima vilevile, hakuna anayepungukiwa. Nyumba zote nne zingeweza kuwa na kundi lote. Ndiyo maana yote ya kazi yangu, kwamba kinagawika bila kuisha, na nimekuandikia kurasa nzima nisikueleze hilo. Sikulaumu, haya si mambo ya rika lako. Na diski mkaifuta. Nimekasirika, Mjomba, siwezi kukuficha.

Nimempigia Eufrasia. Amesema kwa furaha kubwa kwamba hatoi kitu mpaka anione, tena nije na njaa. Mwandu naye hivyohivyo. Shangazi Debora alikata simu.

Na hukusema kiini kiko wapi.

Joyness

*

Sapiwi,
9 Julai 2025

Mpwa wangu,

Mwangaluka. Wabeja kwa kunielimisha kuhusu nakala. Elimu kweli haina mwisho, nimeisoma sehemu ile mara mbili, na mama yako nimemsomea.

Kiini kiko hapa Sapiwi, kwa mtu ambaye hajawahi kupoteza mnyama wa mwenzake. Njoo.

Mayige

*

Maswa,
27 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimeazima kompyuta ya mwenzangu na nimefika. Naandikia mezani kwa Shangazi Debora, yeye anapika na kunisema kwa wakati mmoja.

Nilianza na Lamadi. Eufrasia alinipikia sato, akaniketisha, akaniuliza habari za miaka yote niliyopotea. Flashi alikuwa anaitunza kwenye kopo la hereni zake. Alikuwa ameongezea nyimbo za kwaya yao, maana aliona haifai kitu cha mtu kikae kimepwaya. Mwandoya, Mwandu aliita majirani wawe mashahidi. Akaileta flashi kutoka juu ya redio akaniambia niitazame vizuri kama ni yangu na kama haikukonda. Nikaitazama. Watu wazima walikuwa wamesimama wananisubiri niseme, nikasema haikukonda, nikamshukuru, wakapiga makofi. Nilikuja kuchukua faili, Mjomba, nikajikuta nahutubia.

Shangazi alinililia mlangoni, kisha akanigombeza kwa ajili ya msiba wa bibi Salu mpaka chai ikapoa. Alisema Salu aliniulizia. Baadaye nikagundua kwamba mwalimu jirani yake alimfungulia folda ya lugha na ameisoma yote. Ana malalamiko. Pale mashine inapomwambia mtu "Futa", anaona ni ukali, ingemuuliza kwanza kama ana hakika. Nimeliingiza rekebisho lake, na ni zuri kuliko tulivyokuwa tumeandika sisi. Jina lake nimeliweka kwenye faili la watunzaji, akasema niandike na la marehemu mumewe.

Kila nyumba nimelia kidogo, na sijui hasa ninalia nini.

Kiini kiko kwa nani nimeshajua, usiendelee kunizungusha. Nakuomba kitu kimoja. Nipokee stendi Bariadi twende wote. Peke yangu siwezi kuingia kwenye ule mji wake.

Joyness

*

Sapiwi,
5 Agosti 2025

Mjomba Mayige, popote ulipo,

Shikamoo. Stendi sikukuona. Kwako wakaniambia umekwenda Mwandoya kumtazama Mwandu, ambaye nilimwacha akiwa na afya ya kubeba gunia na hakunitajia mgeni. Barua hii nampa mtu wa pikipiki anayekwenda huko.

Niliingia peke yangu. Baba alikuwa anarekebisha mlango wa zizi. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia na kuniuliza habari ya safari, ya Arusha, ya Lamadi, ya Mwandoya na ya Maswa. Kumbe safari yangu alikuwa nayo yote. Mama akaleta michembe ya viazi na maziwa. Tukala. Jioni ng'ombe wakarudi. Baba akawahesabu kwa kuwataja rangi kama anavyofanya siku zote, mweusi, wa mabaka, yule mwekundu wa pembe moja, na alipokuwa anafunga zizi akamalizia, "Na wa Joyness." Mama akaniambia ndivyo anavyomaliza kila jioni tangu Aprili.

Akaingia ndani akatoka na kibuyu chake cha mbegu. Flashi ilikuwa humo, imefungwa kwenye kitambaa. Nilimshukuru mbele ya Mama kama inavyotakiwa. Akaniangalia.

"Sijui ni nini," akasema. "Sikuuliza. Nimekitunza bure."

Nilimwomba radhi, Mjomba. Nililia vibaya, naye akageukia ng'ombe mpaka nikamaliza.

Kesho yake nikajenga. Niliiweka kompyuta kwenye kivuli cha ukuta, umeme wa sola, Baba akaleta kigoda chake. Nilimwambia itachukua muda, aende machungani. Hakwenda. Alikaa pale akitazama mistari inavyopanda kwenye kioo, kama anavyokaa na ng'ombe mwenye uchungu, na waliokuja kupiga kelele aliwafukuza. Ikasimama mara moja. Nikasoma ilichoandika. Kumbe ni kwaya ya Eufrasia, nyimbo zake alizitupia katikati ya viendeshi na mashine haikujua izijenge vipi. Nikazitoa, ikaendelea. Alasiri kazi ikaisha, nikaiwasha mashine upya, ikaamka na kuandika "Karibu". Baba akauliza inamkaribisha nani. Nikasema yeyote. Akasema basi hiyo ni nyumba ya watu.

Kisha nikafanya kile ulichopaswa kufanya wewe tangu mwanzo, nakala nzima kwa kila nyumba. Nikampa Baba ya kwake. Akaigeuza mkononi, akauliza kama yote imo humo. Nikamwambia yote. Akauliza kwa Debora je, na kwa Eufrasia, na kwa Mwandu. Nikasema kila nyumba itakuwa na yote, hakuna haja ya mtu kuzunguka tena. Akanirudishia.

"Mimi nipe kile changu tu," akasema. "Vyote vikiwa kila mahali, utakuja kuchukua nini?"

Nimempa kiini peke yake, kimerudi kwenye kibuyu. Kwenye faili la watunzaji, chini ya jina langu, nimeandika Kashindye. Kwamba ninayo nakala ya kila kitu kwenye kompyuta sikumwambia. Nawe nakuomba usimwambie.

Joyness

*

Mwandoya,
11 Agosti 2025

Mpwa wangu Joyness,

Mwadila. Kifua kimepata likizo, nadhani ni hewa ya huku. Mwandu mzima na bado ananiuliza kwa heshima nimekuja kufanya nini. Nimepata habari za Nyakabindi, kwamba banda lenu lilijaa, kuna shule zimeshaiweka Igembe, na wenzako hawaachi tena. Hongera sana. Nasikia baba yako alikuwepo amesimama karibu na meza, akiwaambia watu wasiguse ovyo.

Umeniomba nisimwambie kwamba unayo nakala. Anajua. Maisha yangu yote ya kazi nimeandika kwa kaboni, mpwa wangu, nakala tatu kwa kila mkulima, nawe ukanifundisha nakala ni nini. Joakim alitaka kuweka yote kwenye kila flashi, tena alisema ndiyo rahisi zaidi. Aliyemkatalia ni baba yako. Alikuwa amesimama mlangoni pale kwa Joakim na fimbo yake, akasema kila nyumba ikipewa nzima mtoto atatuma konda. Akasema kata, na kiini nipe mimi.

Diski yako iko sandukuni kwangu Sapiwi, nzima kama ulivyoileta, haikufutwa hata neno. Ng'ombe hawezi kulala kwenye mazizi mawili, nilikwambia. Zizi lenyewe ni lipi hukuniuliza, ni hilo sanduku. Njoo uichukue. Utaratibu unaujua.

Mjomba wako,
Mayige